Cao Can: waziri mkuu au mlevi tu?

Wakuu, nasoma historia ya utawala wa Han huko China ya kale, nimekwama kwa huyu jenerali wa Liu Bang, mwanzilishi wa Han. Vitani alikuwa moto. Alipopewa uwaziri mkuu mwaka 193 KK, eti akawa anashinda kwenye pombe, na bado anasifiwa. Kwa lipi hasa?

Jibu:
Pombe ndiyo ilikuwa ngao yake, mkuu. Ofisa akija na wazo jipya, anamiminiwa. Akitaka kufungua mdomo, anaongezewa. Anaondoka amelewa, hajasema kitu. Hivyo ndivyo Cao Can alivyozuia watu kuchokonoa sheria za Xiao He aliyemtangulia.

Mvivu hakuwa. Enzi za Qin, utawala uliotangulia Han, alisimamia jela kule kwao Pei, akaingia vitani na Liu Bang, akatoka na majeraha 70. Utawala aliujifunza Qi, dola ndogo chini ya Han aliyoisimamia. Aliita wasomi kwa mamia, kila mmoja akaja na lake, asijue ashike lipi. Akaja mzee Gai, akamwambia serikali ikitulia watu watajinyoosha wenyewe. Cao Can akampisha mzee ukumbi wake mkuu! Qi ikatulia miaka 9.

Na Xiao He walikuwa wameshakosana, lakini mfalme Hui, mtoto wa Liu Bang, alipomtaja Cao Can kuwa mrithi, Xiao He akiwa mahututi aliafiki. Mimi hapo namvulia kofia Xiao He.

Muuliza swali:
Na mfalme aliridhika na huo ulevi?

Jibu:
Wapi! Alimtuma Cao Zhu akamchokoe baba yake kijanja nyumbani. Kijana akala viboko 200 vya baba yake. Mfalme alipohoji mwenyewe, Cao Can akavua kofia, akamuuliza kama anamzidi marehemu Liu Bang. Mfalme akajibu hapana. Na mimi namzidi Xiao He? Mfalme akasema, naona humfikii. Basi, akasema, tushike waliyoyapanga. Mfalme akanyamaza na kukubali.

Mchangiaji mwingine:
Mnampamba mno. Mwaka 192 KK, yeye akiwa madarakani, watu 146,000 walikusanywa kujenga ukuta wa mji mkuu, Chang'an. Huko ndiko kutulia?

Jibu:
Hoja nzito hiyo, siikwepi. Ila walifanya siku 30 wakaachiwa. Na mwaka uliofuata ikafutwa sheria ya Qin iliyokataza watu kumiliki vitabu, kwa hiyo hata yeye hakuacha kila kitu kilivyokuwa. Alichokataa ni kuwaongezea watu mzigo wa amri mpya.