"ALIKUWA ANAPIKA TU"?! Leo mtanivumilia

Binti Makorora (mleta uzi):

Wadau, kwanza kabisa wasimamizi msiuhamishe uzi huu Jukwaa la Mapishi, maana nawajua.

Nimetoka Buena Park sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule bwana mnamjua. Simtaji. Yule wa kila msafara wa Waswahili huku kusini mwa California, anayeshika kipaza sauti hata kwenye msiba ambao hakualikwa. Leo kajipa uongozi: watu wazima 11, watoto hawahesabiki, na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tupo Knott's Berry Farm, ile bustani ya burudani yenye mgahawa wa kuku, tumepanga foleni ya kuku, bwana kaanza mhadhara. Mzee Knott kafika hapa 1920 na shamba la kukodi. Mzee Knott kalima boysenberry, yale matunda madogo ya beri, wakati hakuna anayezijua. Mzee Knott kajenga mji mzima wa kale kwa akili yake. Mzee Knott, Mzee Knott, mpaka mtoto mmoja kauliza, "Na mama Knott?"

Akajibu: "Ah, yeye alikuwa anapika tu."

TU.

Na hapo kasimama chini ya kibao. Kibao kimeandikwa Mrs. Knott's, yaani Kwa Mama Knott, herufi kama magurudumu ya lori. Kidogo tu zimguse upara.

Hivi ile foleni alidhani ni ya kusubiri nini, kitambulisho? Mwaka 1934, Marekani nzima imefulia, Cordelia Knott anatoa sahani zake za harusi kabatini, anakaanga kuku, anauza sahani nane, senti 65 kila moja. Sahani za HARUSI. Mimi zangu mume wangu mwenyewe hajui nilipozificha. Walioonja wakarudi na wenzao, wenzao wakaja na wakwe, foleni ikawa ya masaa. Mabinti zake ndio wanahudumia meza. Sasa mumewe afanye nini na umati wenye njaa uliosimama juani? Ndipo 1940 akaanza kuujenga ule mji wa wachimba dhahabu, watu wapate cha kutazama wakisubiri kuitwa mezani. Mnanielewa lakini? Mji ulijengwa kwa ajili ya foleni, na foleni ni ya kuku! Geti la kulipia limewekwa 1968. Kabla ya hapo unaingia bure, harufu ndiyo inakuvuta.

"Alikuwa anapika tu."

Na hamjasikia lililoniua. Kuna kundi lilichelewa, likafika tumeshakaa mezani. Bwana kaanza upya, na akarudia. NASEMA KARUDIA. Safari hii kashika paja. Mafuta yanamtiririka mkononi mpaka kwenye saa. Anasema "tu", analamba kidole. Anasema "tu", anatafuna. Marehemu Cordelia ana miaka zaidi ya 50 kaburini na bado anamlisha, naye anamwambia "tu"!

Shangazi yangu kauza wali maharage stendi miaka 20, kasomesha watoto wanne kwa sufuria. Hakusema neno. Alimtazama, akakavuta kale kakapu ka mikate ya moto akakaleta upande wetu.

Kigoda: Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

Mzee wa Foleni: Punguza povu, dada. Kuku ulikula au hukula?

Binti Makorora: Nilikula. Kwa hasira. Vipande vinne.

Mzee wa Foleni: Basi mwenzio alikuwa anapika tu, na wewe ulikuwa unakula tu.

Kigoda: 😂😂 Uzi ufungwe.

Ukoko: Nyie mnamjua kwa kipaza sauti, mimi namjua kwa mchango. Mwezi wa nne alitukusanya dola 20 kila kichwa, eti za basi. Basi liko wapi? Leo mlienda na nini?

Binti Makorora: Na gari yangu. Mafuta yangu. Lakini sio mada.

Mchora Ramani: Mnalilia Buena Park, sogeeni hapo jirani Anaheim. Disneyland imefunguliwa Julai 1955, imebaki miezi michache ndio anaitwa Ruth Shellhorn apange miti na njia za watu kupita. Harriet Burns yuko karakana anajenga majengo madogo ya mfano, anashika msumeno na sketi yake na viatu vya kisigino. Waulizeni watoto wenu nani aliijenga, watawatajia panya.

Kigoda: Panya 😂 nimepaliwa na karanga.

Ukoko: Panya na dola zangu 20.

Mke wa Fundi: Hilo "tu" nalijua. Harusi ya mdogo wangu tumekesha na pilau la watu 400, macho mekundu kwa moshi kama tumetoka kulia. Ukumbini MC anashukuru kamati, anashukuru mwenye ukumbi, anamshukuru mpaka mtu wa jenereta. Na jenereta lilizimika saa tatu!

Mzee wa Foleni: Samahani, jenereta lile lilikuwa langu. Lilizimika kwa sababu mlichomeka birika la umeme.

Mke wa Fundi: Birika halikuchomekwa.

Mzee wa Foleni: Nililiona kwa macho yangu. Jekundu.

Binti Makorora: Jamani turudi kwenye mada. KASHIKA PAJA. Kibao kiko juu ya kichwa chake na KASHIKA PAJA.

Mgeni Leo: Habari za humu. Naombeni mapishi ya huyo kuku.

Binti Makorora: Mdogo wangu, umesoma nilichoandika mstari wa kwanza?

Mgeni Leo: Nimesoma dada. Unga mnaweka kabla ya chumvi au baada?

Ukoko: Waliotoa dola 20 wote wanyooshe mkono hapa chini. Mimi wa kwanza.

Mchora Ramani: ✋

Mke wa Fundi: ✋ Mimi nilitoa 40, na ya mume wangu.

Kigoda: ✋ Kumbe!

Msimamizi: Uzi umehamishiwa Jukwaa la Mapishi.

Mke wa Fundi: Na birika HALIKUCHOMEKWA.