Amewamwagia kuku biskuti nilizomwokea mbwa wake, na jogoo akazikataa mbele ya watu

Mleta mada: MpishiWaMbwa

Wadau, naandika uzi huu mikono ikiwa bado ina unga, na kama kuna herufi itakayoruka, mjue ni hasira. Jina lake silitaji kwa sababu halihitaji kutajwa. Ni yuleyule bwana mnayemfahamu, wa nyumba yenye geti la bluu, ambaye amewahi kumwelekeza fundi umeme namna ya kushika bisibisi na kumfundisha mama ntilie kusukuma chapati, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kubandika maji jikoni yakachemka.

Wiki iliyopita alikuja kwangu kwa miguu yake mwenyewe, akaniomba nimwokee mbwa wake biskuti, kwa maelezo kwamba mbwa amechoshwa na ugali wa dona na dagaa. Tulikubaliana nusu kilo kwa shilingi 8,000. Boga nililichagua mwenyewe sokoni, nikalichemsha bila chumvi na kuliponda. Karanga nilizisaga kwa mkono wangu, kwa sababu baadhi ya siagi za karanga za dukani zinazoandikwa kwamba hazina sukari hutiwa utamu bandia uitwao zailitoli, ambao binadamu huula akaendelea na shughuli zake, lakini mbwa akiula sukari ya damu yake huporomoka ghafla, na ini lake laweza kuharibika kabisa. Nikachanganya na vikombe viwili vya unga wa ngano isiyokobolewa na yai moja, nikausukuma mchanganyiko, nikaukata vipande vidogo kwa kizibo cha chupa ya soda kwa kuwa mbwa wake ni mdogo, nikaoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 25, kisha nikazima oveni na kuziacha humohumo mpaka zikakauka kau. Fundi cherehani hashoni suti ya bwana harusi kwa uangalifu huo.

Leo asubuhi nimempelekea. Barazani walikuwepo watu sita, wote wenye ndimi ndefu. Akafungua kopo, akanusa, akatia biskuti moja mdomoni, yaani mdomoni mwake yeye na si mwa mbwa, akatafuna kwa muda mrefu kama karani anayetafuta kosa kwenye fomu, halafu akasema kwa sauti iliyofika hadi kituo cha bodaboda: "Haina chumvi, haina sukari. Hii ni biskuti au ni adhabu?" Watu wakacheka. Hilo ningelisamehe.

Kisha akainamisha kopo na kuwamwagia kuku biskuti zote. Hilo nalo ningelisamehe, baada ya miaka kama arobaini hivi.

Lakini jogoo wake, yule mwekundu aliyeletwa kutoka shamba, alisogea, akadonoa biskuti moja, akaiinua, akaitazama kwa jicho la kushoto, akaitazama kwa jicho la kulia, akaiachia ikaanguka, akageuka na kuondoka. Hakukimbia, wadau. Aliondoka taratibu, kama mgeni rasmi aliyekuta shughuli haijaandaliwa. Na yule bwana akasema: "Hata kuku."

Maneno mawili tu. Mbwa mwenyewe, ambaye ndiye mlaji halali, alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba na hakuulizwa chochote. Aliyeulizwa ni jogoo, kiumbe ambaye mwezi uliopita alidonoa kandambili yangu mpaka akaitoboa, akameza kile alichokitoboa, na hakulalamika kwamba haina chumvi. Kandambili aliikubali. Biskuti yangu ya boga aliitazama kwa macho yote mawili, akaikataa.

Shilingi 8,000 sijalipwa, na kopo langu amebaki nalo.

MlinziWaZamu

Pole sana, dada. Hata hivyo, kwa kuwa jukwaa hili ni la haki, napendekeza tusikilize kwanza upande wa jogoo kabla hatujafikia uamuzi.

Kipepeo wa Tabata

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini naona hawakukataza lisitoe hukumu. Mleta mada, umeshindwa kesi mbele ya hakimu asiyevaa hata viatu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Vijana, acheni mzaha kidogo. Nimetibu mbwa kwa miaka mingi na namwambia binti yetu kwamba kazi yake ni sahihi. Biskuti iliyokauka namna hiyo ni ngumu, na jogoo hana meno, kwa hiyo kumpa jogoo biskuti ya mbwa ni sawa na kumwalika bibi kizee kwenye karamu ya miwa. Chumvi si kitu cha kumwongezea mbwa kwa sababu tu binadamu anaitamani, na mapishi yake hayakuwa na kitunguu, ambacho huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata kikiwa kimepikwa, wala zabibu, ambazo huweza kuangusha figo zake, wala chokoleti. Ningemuonya jambo moja tu, kwamba vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha mbwa cha siku nzima, kwa maana mbwa mdogo hunenepa upesi kuliko mwenye nyumba anavyotambua.

MpishiWaMbwa

Nakushukuru, mzee wangu. Ningefurahi kama maneno haya yangesemwa pale barazani, wakati jogoo anageuka. Tena niongeze jambo nililolisahau kwa hasira: alipogeuka alinipa mgongo, halafu akajikung'uta manyoya, kama mtu anayepangusa vumbi la mahali asipopataka.

Hamsini Zangu

Mimi nina miaka 34, na tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniokea kitu chochote kwa nyuzi 180. Siku ya kuzaliwa kwangu nilinunuliwa andazi, nalo tuligawana. Leo nasoma kwamba kuna mbwa anakatiwa biskuti ndogo zilingane na kinywa chake. Mleta mada, mimi niko upande wa yule bwana, na kama bado anahitaji shahidi wa saba, nitakuja na kiti changu.

Mwanafunzi wa Milele

Tusiseme kwamba biskuti za mbwa ni ushamba wa watu wa mjini wa leo. Mmarekani mmoja aitwaye James Spratt alikuwa akiziuza London tangu miaka ya 1860, akizitengeneza kwa unga wa ngano, mboga na nyama. Na karani aliyeanza kazi katika biashara hiyo akiwa kijana, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Kwa hiyo dada yetu yumo katika ufundi wenye zaidi ya miaka 150.

Kipepeo wa Tabata

Miaka 150 yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuomba maoni ya kuku. Yule bwana wa geti la bluu ni mtafiti.

MkeWaMtu

Kwa kuwa tumefika hapa, acheni nami nitue mzigo. Mbwa wetu naye huokewa na mama mmoja wa jirani biskuti za viazi vitamu na maini, nami huzihifadhi kwenye kopo la kioo juu ya friji. Mwezi uliopita mume wangu alirudi usiku, akazikuta, akatengeneza chai ya maziwa na kuzimaliza zote, kisha akaniamsha usingizini kunipongeza, akisema kwamba tangu tufunge ndoa sijawahi kupika kitu kitamu kama kile. Sikumwambia ukweli. Sasa kila Ijumaa ananiuliza zile biskuti zangu zitaokwa lini, na mbwa anakaa chini ya meza akinitazama kama shahidi anayesubiri kuitwa. Mleta mada, wewe umekataliwa na jogoo. Mimi mapishi yangu ya miaka tisa yameshindwa na chakula cha mbwa.

MlinziWaZamu

Huu sasa ndio uzi. Shemeji anabweka, au bado?

MkeWaMtu

Habweki, lakini juzi alikwaruza mlango wakati nina ufunguo mkononi. Sijui nifikirie nini.

MpishiWaMbwa

Naomba turudi kwenye mada. Mume wa dada yetu amezisifu biskuti za mbwa, jambo ambalo linathibitisha kabisa kwamba tatizo halikuwa biskuti. Tatizo ni jogoo, na zaidi ya jogoo ni yule aliyemweka jogoo kwenye kiti cha hakimu.

Mjomba wa Thika

Salamu kutoka Kenya. Huko kwenu mna bahati ya kukataliwa na jogoo. Kwangu mimi adui ni shangazi yangu, ambaye kila akija kututembelea humpa mbwa wetu pilau lenye vitunguu vya kukaangwa, na ukimkataza anauliza kama huyo mbwa ni mtoto wa balozi. Krismasi iliyopita alimpa njugu za makadamia kiganja kizima, na mbwa akashindwa kuinua miguu ya nyuma hadi kesho yake. Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo, na shangazi akadai safari ile ilikuwa ya kumwaibisha yeye. Hadi leo hasalimiani nami, ila yeye na mbwa wanasalimiana vizuri tu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Makadamia humdhoofisha mbwa miguu ya nyuma, hilo halina ubishi, na heri yako kwamba alipona. Kwa kuwa umezungumza kutoka huko, naongeza jambo linaloniuma zaidi. Watu wengi, unga wa mahindi ukiota ukungu au karanga zikiwa na dalili ya kuvunda, husema "wape mbwa." Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na ini la mbwa halina ngao dhidi ya sumu hiyo kuliko la binadamu. Tena haiishi kwa kupikwa, kwa hiyo anayedhani kwamba oveni ya nyuzi 180 itamsafishia karanga mbovu anajidanganya. Karanga za biskuti za mbwa zichambuliwe moja moja, kama za mtoto.

MpishiWaMbwa

Nilizichambua, mzee wangu! Nilizichambua moja moja kwenye ungo kwa saa nzima, na zote zilikuwa nzuri kuliko zile anazouziwa yule bwana kwenye karatasi. Zikaishia miguuni mwa jogoo. Miguuni, kwa sababu mdomoni zilikaa sekunde mbili.

Hamsini Zangu

Sekunde mbili ni nyingi. Mimi shati langu la kwanza la kazi lilitupwa kwa muda mfupi kuliko huo.

BabaMbwaWatatu

Wote hapa mnalalamika juu ya kuokewa na kukataliwa, lakini hakuna anayemsema muuza bucha. Ndugu zangu, mimi nina mbwa watatu, na nilipoamua kuacha kuwanunulia chakula cha mifuko ili niwapikie nyumbani, nilidhani nitaokoa pesa. Nilimwendea muuza bucha, mnayemjua, yule mwenye kalamu sikioni, nikamwomba maini na firigisi kwa ajili ya mbwa. Bei ikapanda hapohapo mbele ya macho yangu. Akanieleza kwamba mtu mwenye uwezo wa kuwapikia mbwa hawezi kukosa elfu mbili ya nyongeza.

MkeWaMtu

Huyo mwenye kalamu sikioni namjua! Kwangu alifanya kinyume. Nilipomwambia kwamba maini ni ya kupikia mbwa, akanipa yaliyolala, nikamrudishia, akasema mbwa hawajui tofauti. Sikumwambia kwamba mume wangu ndiye atakayeyala.

Kipepeo wa Tabata

Mimi aliniuzia mifupa akisema ni ya kuchemsha supu ya mbwa. Niliposema kwamba mbwa hapewi mfupa uliopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo, alinijibu kwamba babu yake alifuga mbwa kumi na hakuna aliyetoboka. Nikamuuliza mbwa hao kumi wako wapi. Akasema wote walikufa.

Mwanafunzi wa Milele

Je, kuna mtu aliyewahi kuiona mizani yake ikisimama kwenye sifuri kabla hajaweka nyama?

MlinziWaZamu

Mizani yake haijui sifuri. Inaanzia kwenye gramu 150, kama teksi inayoanza kuhesabu kabla hujafunga mlango.

MpishiWaMbwa

Wadau, jogoo alitumia macho yote mawili.

BabaMbwaWatatu

Tumekusikia, dada. Kuhusu mizani, nina wazo. Jumamosi twende pale watu watano, kila mmoja aagize nusu kilo ya firigisi na kusema ni ya mbwa, halafu tukazipime zote kwenye mizani ya muuza samaki wa jirani yake. Nani anakuja?

Mjomba wa Thika

Mimi niko mbali, lakini naomba mnipigie picha ya kalamu.

Hamsini Zangu

Nitakuja, mkikubali kwamba hizo firigisi baada ya kupimwa tutazikaanga wenyewe. Nina chumvi.