Ada ya nishati ya kila mwezi: nichunguze nini kabla ya kutia saini?

Swali: Kampuni moja inataka kutufungia paneli za jua na mita janja kiwandani bila malipo ya awali, nasi tulipe ada ya kila mwezi kwa miaka 10. Je, nianzie wapi kuuchunguza mkataba huu?

Jibu la 1: Anza na bili yako, ndugu. Wateja wakubwa aghalabu hutozwa si kwa kilowati-saa pekee, bali pia kwa kilele cha matumizi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme mnachovuta kwa mpigo, kinachopimwa kwa vipindi vifupi kama dakika 15 au 30. Mota tatu zikiwashwa kwa pamoja asubuhi, kilele hupanda, ilhali mfumo janja, yaani unaoongoza mitambo wenyewe, huziwasha kwa kupokezana.

Jibu la 2: Naafiki, ila tazama kipengele cha nyongeza. Ada ikipanda asilimia 3 kila mwaka, mwaka wa 10 utalipa takriban asilimia 30 zaidi ya mwaka wa kwanza.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe nyongeza hiyo imo, ukurasa wa mwisho.