Mjadala: Makipa wa kigeni wazuiwe Ligi Kuu?

Mwisho wa Reli (Kigoma):
Wadau, naweka hoja hii mezani na naomba tuijibu kwa hoja, ushabiki wa Simba na Yanga tuuache mlangoni. Mimi nasema TFF na Bodi ya Ligi wazuie klabu za Ligi Kuu kusajili makipa kutoka nje. Mabeki waje, viungo waje, washambuliaji waje, nafasi 12 za wageni zipo. Langoni asimame Mtanzania.

Viungo uwanjani wapo watatu au wanne, na kocha anaweza kuwabadilisha dakika ya 60. Ukileta wageni wawili pale kati, mzawa bado anapata dakika zake. Kipa ni mmoja, na habadilishwi mpaka aumie au apewe kadi nyekundu. Tangu Djigui Diarra ashike lango la Yanga mwaka 2021, aliye nyuma yake anaomba Mungu mechi za kombe zije. Angalieni pia tuzo ya kipa bora misimu ya karibuni: Diarra wa Mali, Ley Matampi wa Kongo, Moussa Camara wa Guinea. Halafu Taifa Stars ikikaribia mechi tunaanza kuulizana nani atadaka.

Mfano mwingine tunao hapa hapa. Mashujaa ni timu ya jeshi, haisajili wageni. Aprili 2024 Simba walikuja uwanja wetu wa Lake Tanganyika kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, wakatoka sare ya 1-1, wakatolewa kwa penati 6-5. Lango letu lilikuwa kwa mzawa. JKT Tanzania nao ni jeshi. Yakoub Suleiman alidaka pale mechi baada ya mechi, CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, akawa langoni kwa Stars mpaka robo fainali, ndipo Simba wakamchukua. Angeanzia Simba angekuwa anambebea Camara mipira ya kupashia.

Nyuki wa Kanyenye (Tabora):
Mkuu, heshima yako, ila hapa nakupinga waziwazi. Ninyi mna jeshi nyuma yenu, mishahara inatoka. Sisi Tabora tulipanda msimu wa 2023/24, na mechi ya kwanza na Azam tuliingia uwanjani na watu wanane kwa matatizo ya usajili. Mechi ikavunjika hata nusu saa haijafika, tumeshakula nne. Nilitazama ile mechi kwenye kibanda cha Kanyenye, watu waliondoka kimya kama wametoka msibani.

Timu ya namna hiyo inapotafuta kipa haina muda wa kumlea mtu. Inataka aliyekwishaiva. Msimu ule tukamwona John Noble wa Nigeria langoni, na mwisho wa siku tulinusurika kushuka. Mshambuliaji akikosea, utampa mechi nyingine. Kipa akikosea ni goli, goli ni pointi, na pointi tatu ndizo zinaamua kama mwakani mtacheza na Yanga au mtarudi Championship, daraja la chini yake.

Halafu mnasahau kitu kimoja. Kipa mgeni akija mkoani, anaonekana. Mtoto wa Tabora zamani alimwona kipa wa maana kwenye televisheni tu. Siku hizi anakaa nyuma ya goli pale Ali Hassan Mwinyi, anaona mtu anavyopasha, anavyotokea kwenye krosi, anavyowafokea mabeki warudi mstarini. Hilo nalo ni darasa.

Mdaka Ndondo (Ujiji):
Nimedaka ndondo Ujiji, Mwanga na Kibirizi, nawaambia nilichokiona mimi mwenyewe. Tatizo la kipa wa Kitanzania linaanza akiwa na miaka 12, mbali kabisa na huyo Diarra.

Mazoezi yetu yalikuwa hivi. Kocha mmoja, wachezaji thelathini. Makipa mnapewa mpira mmoja, mnaambiwa nendeni kule pembeni mkapigiane. Wenzenu wakimaliza, kocha anawaita langoni, timu nzima inapanga foleni kukupigia mashuti, na kila anayefunga anashangilia. Hapo ndipo wanasema umefanya mazoezi ya kipa! Hakuna aliyenifundisha kuanguka. Uwanja ni udongo mwekundu uliokauka, una vijiwe, ukiruka upande mmoja nyonga inachubuka, na kabla haijapona unairukia tena. Mama alinishonea vipande vya sponji ya godoro ndani ya bukta. Kipa wa namna hiyo anaiogopa ardhi kabla hajamwogopa mshambuliaji. Anajizoesha kuzuia kwa miguu, anajizoesha kubaki mstarini. Akifika miaka 20 mnamwambia hajui kutoka kwenye krosi. Angejulia wapi?

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mwisho wa Reli, ukimfukuza mgeni leo, kesho langoni atasimama huyu niliyemweleza.

Mha wa Winnipeg:
Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa Kasulu, kazi imenileta Winnipeg, Kanada. Huku mchezo wa watu ni hoki ya barafuni. Sita kwa sita, mmoja wao kipa, na kile kidude kigumu cha mpira anachokizuia kinaweza kumjia kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Nawaletea habari zake kwa sababu huu mjadala wenu wenzetu huku waliupeleka mpaka kwenye kanuni.

Wachezaji wengi wa NHL, ligi kuu ya hoki huku, hupitia ligi za vijana wa Kanada, umri wa miaka 16 hadi 20. Kila timu iliruhusiwa wageni wawili. Mwaka 2013 viongozi wakaona makipa wa Ulaya wanawabania vijana wao, wakapitisha kwamba mwaka ule, timu zinapochagua wachezaji kwa zamu, kipa wa nje achaguliwe raundi ya kwanza tu, na kuanzia 2014 asichaguliwe kabisa. Hoja ilikuwa hiyo hiyo ya Mwisho wa Reli, kwamba lango ni moja. Mwaka 2018 wakaifuta marufuku hiyo wenyewe.

Sasa tazameni Finland. Watu milioni 5 na nusu hivi, Dar es Salaam tu ingewatosha. Miikka Kiprusoff, Pekka Rinne na Tuukka Rask wote wametoka kule, na wote watatu wametwaa Vezina, ndiyo tuzo ya kipa bora wa NHL. Na ligi ya Finland ilikuwa wazi. Mmarekani Tim Thomas alidaka Helsinki kwa vipindi tofauti miaka ya 1990 na 2000, na hakuwazuia Wafini kukua. Walichofanya ni kuweka makocha wa makipa mpaka kwenye timu za watoto. Namuunga mkono Mdaka Ndondo kwa asilimia zote.

Mwisho wa Reli (Kigoma):
Mdogo wangu wa Winnipeg, marahaba, na asante kwa kutuletea ya mbali. Ila kufuta kanuni hakuthibitishi kwamba ilikuwa mbaya. Dawa huachwa hata mgonjwa akipona. Na Kanada unayoisema ina viwanja vya barafu kila mji, makocha wamejaa. Kijana wao akikosa timu moja anakwenda nyingine. Kijana wa Kakonko akikosa hiyo nafasi moja anarudi kuuza dagaa.

Ukitaka mfano wa Afrika, nenda Misri. Ligi yao hairuhusu kipa wa kigeni. Essam El Hadary amechukua AFCON nne, 1998, 2006, 2008 na 2010, na Kombe la Dunia 2018 alisimama langoni ana miaka 45 akaokoa penati ya Saudi Arabia. Mtu hafiki huko kwa kukaa benchi.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora):
Naomba niongeze Korea Kusini, maana wao wamekaa na marufuku hii muda mrefu kuliko wengi. Miaka ya 1990 klabu zao zilileta makipa wa nje, akiwemo Valeri Sarychev aliyetokea Urusi, ambaye baadaye alichukua uraia wa Korea. Kuanzia 1999 makipa wa kigeni wakazuiwa kabisa. Miaka ikapita, timu zikaongezeka, makipa wazawa wakawa wachache kuliko wanaohitajika, na bei yao ikapanda kuliko ya wenzao wa nafasi nyingine. Mwaka 2025 ligi ikaamua marufuku ifutwe kuanzia msimu wa 2026.

Hilo la bei litutishe sisi wa mikoani. Ligi yetu ina timu 16. Ukizuia wageni leo, makipa wawili watatu wazuri wa Kitanzania wote watakwenda Simba, Yanga na Azam kwa fedha ambazo Tabora na Kigoma hatuwezi kuzigusa. Aishi Manula alitoka Azam akaenda Simba mwaka 2017, akarudi Azam 2025. Lini mlisikia anatajwa kuja Tabora? Kwa kanuni hiyo Mashujaa ndio watakaokuwa wa kwanza kunyang'anywa kipa wao.

Mama wa Gungu (Kigoma):
Nawasoma tangu asubuhi, mnazungumzia klabu na mataifa. Mimi nina kijana wa miaka 21, kipa. Timu moja ya madaraja ya chini ilimchukua, wakamwambia wewe ni kipa namba tatu, vumilia. Akavumilia. Hakucheza hata mechi moja ya mashindano, hela ya kujikimu ikija mwezi huu mwezi ujao haiji, na mkataba ulipoisha hakuna aliyempigia simu. Waliomtangulia wote wawili walikuwa Watanzania. Kwa hiyo msiniambie tatizo ni mgeni peke yake. Nataka mtu anijibu: kijana wa umri huo ambaye hajacheza, nimwambie aendelee au atafute kazi?

Mha wa Winnipeg:
Mama, shikamoo. Huyo Tim Thomas niliyemtaja alichaguliwa na timu ya NHL mwaka 1994 akiwa wa 217. Akazunguka Finland, Sweden na ligi ndogo za Marekani, akapata nafasi ya kudumu NHL ana zaidi ya miaka 30. Mwaka 2011, ana miaka 37, alibeba Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, na Boston, akawa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Kipa huiva kwa kuchelewa. Lakini Thomas miaka yote hiyo alikuwa anacheza. Ligi ndogo ndiyo, ila langoni yupo yeye. Kwa hiyo mwanao, mama, asikubali tena unamba tatu wa timu yenye jina. Atafute timu ya daraja lolote itakayompa mechi, na kazi afanye vilevile.

Na huku wanapenda kumtaja Carey Price. Alikulia Anahim Lake, kijiji cha ndani ndani huko British Columbia. Timu yenye barafu ya maana ilikuwa Williams Lake, kilomita zaidi ya 300. Baba yake, ambaye naye alikuwa kipa, alinunua ndege ndogo akawa anamrusha mwenyewe kwenda na kurudi. Mwaka 2015 Price alichukua tuzo ya kipa bora na ya mchezaji bora wa NHL nzima.

Mdaka Ndondo (Ujiji):
Nani Kibondo ana ndege, mdogo wangu? Lakini umenipa hoja. Nguvu ya Price ilikuwa baba aliyejua kudaka, akakaa na mtoto tangu mdogo. Ndege ilikuja baadaye. Sisi tuna Juma Kaseja, kipa wa Simba aliyewatoa Zamalek wa Misri kwa penati kule Cairo mwaka 2003, na mwaka 2019 akiwa na miaka 34 akarudishwa Stars na tukawatoa Burundi kwa penati. Makipa waliomfuata Kaseja wapo wengi mitaani, wanajua kazi, wanaendesha bodaboda. Kila mkoa uchukue wawili, uwape kozi ya ukocha wa makipa, uwape posho na mipira. Timu ya vijana isiyokuwa na kocha wa makipa isisajiliwe.

Nyuki wa Kanyenye (Tabora):
Hapo tumeelewana. Hilo ni sharti la leseni ya klabu, halimfukuzi mtu.

Mwisho wa Reli (Kigoma):
La makocha naliunga mkono kwa mikono miwili, na swali la Mama wa Gungu limenigusa. Lakini kocha atamfundisha mtoto leo, matunda tutayaona baada ya miaka kumi. Aliye na miaka 21 sasa anahitaji dakika msimu huu. Narekebisha pendekezo langu: kama marufuku kamili ni nzito, Kombe la Shirikisho lote, kuanzia raundi ya kwanza mpaka fainali, lango liwe la Mtanzania. Mgeni abaki na ligi na mechi za Afrika.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora):
Kaka, bingwa wa kombe hilo anapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la CAF. Unadhani Yanga watakubali kuingia fainali na kipa aliyecheza mechi nne mwaka mzima?

Mwisho wa Reli (Kigoma):
Simba wakiingia naye kipa wa aina hiyo hiyo, nani ameonewa? Kanuni ikiwabana wote, mtaona wenyewe wanavyoanza kumpa mechi za ligi kuanzia Oktoba ili fainali isimkute amelala.

Mama wa Gungu (Kigoma):
Ikipitishwa hiyo, mwanangu nitamwambia asiache mazoezi. Lakini na sisi wa madaraja ya chini mtuwekee: namba tatu asipopata mechi mpaka dirisha dogo la usajili katikati ya msimu, awe huru kuondoka bila timu kudai hela. Hilo hamjaligusa kabisa.