Mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa mwalimu wa shule binafsi: sheria inamlinda nani?

Wadau, tujadili hili bila kuoneana haya. Shule binafsi nyingi hapa Tanzania hazimfukuzi mwalimu. Zinasubiri Desemba, mkataba unaisha, anapewa barua fupi ya kumshukuru kwa utumishi wake. Januari vipindi vyake vina mtu mwingine.

Kwenye maandishi tumelindwa vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kanuni za 2007 zinampa mtuhumiwa saa zisizopungua 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, tena anaruhusiwa kuingia na mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukiachishwa kwa uonevu, una siku 30 za kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 tu, jamani! Kuna wanaozimaliza wakizungushwa na mkurugenzi: "Njoo wiki ijayo tuongee."

Mkataba wa mwaka mmoja unakwepa yote hayo. Umeisha, umeisha. Sheria inamruhusu mwalimu aliyekuwa na sababu ya kutarajia kuongezewa mkataba adai haki yake, lakini matarajio hayo ayathibitishe yeye. Atayathibitisha vipi, wakati aliahidiwa kwa mdomo, wamesimama mlangoni pa darasa?

Wamiliki wanasema ada haitabiriki; wanafunzi wakipungua, mishahara italipwa na nini? Hoja hiyo ni ya kweli, naiheshimu. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kupunguza wafanyakazi, mradi utoe taarifa, ushauriane nao na ulipe kiinua mgongo. Kiwango cha chini ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Siwezi kuamini kwamba hicho ndicho kitakachofunga shule.

Msimamo wangu: mkataba ukiongezwa mara tatu mfululizo, mwalimu ahesabiwe wa kudumu. Na yeyote asiyeongezewa aandikiwe sababu, muda wa kutosha kabla ya Desemba ili atafute kazi kwingine.

Wamiliki na wakuu wa shule mliomo humu, naomba mjibu hili moja: mwalimu aliyefundisha kidato cha nne miaka mitano mfululizo, hana onyo hata moja kwenye faili, mnashindwa nini kumwandikia kwa nini hamtaki aendelee?