Mumepwelewa?

Gumzo la kikundi: Nyumba ya Bibi, Jumapili asubuhi

Shangazi: Jamani bwana na bibi harusi wako wapi?? Jana simu hazishikwi tangu asubuhi, mama yenu nusura atume watu

Rehema: Tupo shangazi 😂 mikono haiinuki tu. Muulizeni huyu mtoto wenu

Fadhili: Mi sisemi kitu

Rehema: Basi nasema mimi. Jana si tulienda Mida, kule kwenye mkono wa bahari wa Watamu, kupiga kafi, zile kayaki za plastiki za watu wawili, maana tangu harusi hatujatoka hata siku moja. Saa mbili tuko majini, mashallah maji yametulia kama ya mtungini, tunapita katikati ya mikoko raha mustarehe. Sasa huyu akasema twende mpaka upande wa kisiwa cha Kirepwe, na yule kijana wa kayaki alishatuambia rudini mapema maji yanatoka, huyu akamjibu mimi nimezaliwa hapa

Ami Kombo: Kuzaliwa kazaliwa. Jana mwezi mwandamo ngapi?

Fadhili: Sikuangalia ami

Ami Kombo: Mwezi kumi na tano! Bamvua, maji makubwa! Maji ya bamvua hujaa alfajiri yakajaa tena alasiri, saa nne za asubuhi ukienda Mida wakuta tope na kaa. Wewe ndo wafunga safari saa mbili

Mama: Mumepwelewa, maji yamewaacha topeni??

Fadhili: Tumepwelewa mama

Shangazi: 😂😂😂😂

Rehema: Kafi ilianza kugusa chini nikamwambia, akasema ni nyasi hizo. Mara tukakaa kabisa. Akashuka asukume, mguu ukazama mpaka gotini, kuutoa kiatu kimebaki, akashika mzizi wa mkoko ili ajivute kumbe umejaa chaza, kiganja chote kikakatika

Mama: Umeweka dawa lakini?

Fadhili: Nimeweka mama, mikwaruzo tu

Shangazi: Na wewe Rehema ulifanya nini

Rehema: Nilipiga picha

Ami Kombo: 🤣 Ungekuwa na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ungejua kina kabla hujakwama. Hizo kafi za plastiki za kupigia picha tu

Rehema: Lakini ami niseme ukweli, kukwama kwenyewe kulikuwa kutamu. Maji yalipokwisha tope likaanza kulia, pa pa pa pa, kila mahali, kumbe ni kaa wanatoka mashimoni. Kuna wale wadogo wenye gando moja kubwa, wanalipunga juu chini juu chini kama makanga wa matatu anaita abiria. Halafu wakaja ndege, kundi zima, weupe mgongo mweusi, mdomo mnene, wanawaokota wale kaa mmoja mmoja wala hawatujali

Rukia Maskati: Eeh hao wa kwetu! Hutaga huku Omani wakati wa joto, wanachimba mashimo kwenye mchanga wanalea humo humo, joto likipungua wanashuka kwenu. Mimi nimekwama huku mwaka wa pili, ndege wanakuja nyumbani bila viza

Mama: Utakuja mwanangu inshallah

Shangazi: Mkatoka saa ngapi sasa

Fadhili: Tulisikia adhana ya adhuhuri ng'ambo ndo maji yakaanza kuinua kayaki. Jua lilikuwa limetuchoma, maji ya kunywa chupa moja, na huyu kaimaliza

Rehema: Nani kaimaliza?? Ulinawia tope nikikuona

Ami Kombo: Jumamosi ijayo mwezi ishirini na mbili, maji mafu. Hayajai sana hayatoki sana. Nitakuja na hori langu, ule mtumbwi mdogo, mtakaa kimya na mtafuata ninavyosema

Shangazi: Na mimi nipo, nataka sambusa za kaa pale Dabaso, kafi sishiki

Mama: Fadhili, viatu si ni vile vya harusi?

Mama: Fadhili?

Rehema: Amezima simu mama 😂