Mchango wa kufufua Garratt 5930: pesa ya kwanza iende wapi?

Mwanareli
Wadau, habari zenu. Tunataka kuchangisha mtandaoni ili 5930 Mount Shengena, injini ya treni ya mvuke aina ya Garratt iliyopo Makumbusho ya Reli Nairobi, itembee tena kwa mvuke. Tutangaze gharama yote kwa mpigo au kwa awamu?

Fundi Boila
Kwa awamu. Gharama yote haijulikani mpaka boila ipimwe, kwa hiyo mchango wa kwanza uwe wa ukaguzi tu. Kabla ya kugusa msasa, pelekeni maabara sampuli ya kihami joto kilicho chini ya mabati yanayofunika boila. Injini za miaka ya 1950 mara nyingi zilifungwa asbesto, na kuitoa ni kazi ya mkandarasi mwenye leseni. Kisha chora gridi ya sentimita 15, kwangua rangi kila nukta mpaka chuma king'ae, paka jeli, pima unene wa chuma kwa altrasoniki (mawimbi ya sauti). Kazeni macho chini ya pipa la boila na kwenye matundu ya kuoshea: tope hutulia hapo na chuma huliwa. Stei za tanuri, yaani vyuma vinavyoshikilia kuta zake, zigongwe kwa nyundo moja moja; nzima hulia, iliyokatika hutoa mlio mzito uliokufa. Mirija mipya ya boila msiagize bado. Ya zamani ikitoka ndipo ndani huonekana, na bajeti nyingi huvunjikia hapo.

Shedi ya Zamani
Naongezea. Jaribio la shinikizo ni kwa maji baridi, mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Boila hii ni ya psi 225 (paundi kwa inchi ya mraba), basi ifike kama 338. Maji hayabanwi, hivyo mshono ukiachia yanachuruzika tu, hewa ingelipuka. Pia Garratt ina boila iliyobebwa katikati ya injini mbili, na mvuke huzifikia kwa mabomba yenye viungo vinavyogeuka. Vikikaa miaka bila kazi huvuja. Vitengeeni fungu lake.

Mweka Hazina
Mkataba wa maandishi na mwenye injini utangulie: nani anatia sahihi, na boila ikikataliwa salio liende wapi, labda kwenye rangi na paa. Hilo liandikwe kwenye ukurasa wa mchango tangu siku ya kwanza, maana aliyeahidiwa moshi akapewa rangi ana haki ya kudai pesa yake. Lengo lihesabiwe baada ya makato ya M-Pesa na ya jukwaa, pamoja na akiba ya asilimia 30 kwa boila. Shengena ni mlima wa Upare, kwa hiyo waombeni na watu wa Same.

Mwanareli
Shukrani sana. Je, vipuri vya 5918 Mount Gelai vinaingiliana?

Fundi Boila
Ni dada yake, zote ni za daraja la 59. Chukueni vipimo kwake mkachonge vipya. Msing'oe hata nati.